Alivuta Mara Mbili

Kambi nzima ya jeshi la anga ilimwita Taratibu, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Kilikuwa kichekesho kizuri, mtu aliyetumia ujana wake wote kurusha ndege za kivita, ndege zinazoiacha sauti yake nyuma, kuitwa jina hilo. Lakini ndilo neno lililokuwa mdomoni mwake. Rubani mchanga akichanganyikiwa hewani, alisikia redioni sauti nzito ikimwambia, "Taratibu, kijana. Taratibu." Hata katika vita vya mpakani, siku ndege yake ilipopigwa mkiani akarudi nayo ikivuja mafuta kila upande, waliokuwa mnarani walisimulia kwamba aliomba nafasi ya kutua kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Sasa alikuwa Brigedia Jenerali, mkuu wa kambi, na mvi zilikuwa zimeanza juu ya masikio, pale kofia ya rubani inapobana. Wenzake wa rika lake walishahamia makao makuu, kwenye viti vya kuzunguka, wakaota vitambi. Yeye cheo hakikumshusha ndegeni. Kila mwaka alipimwa moyo na macho, na asubuhi za mazoezi alivaa ovaroli ya kijani kama luteni. Hakumpeleka kijana kwenye ndege ambayo yeye mwenyewe hajairusha.

Mtu mmoja tu hakumwogopa, naye ni dada yake. Mama yao alifariki Taratibu akiwa mtoto wa mgongoni, na mgongo aliobaki nao ukawa wa dada, msichana ambaye bado alikuwa anaruka kamba. Dada alikua akawa mkunga wa zahanati ya mtaani. Vijana wenye ndevu walimwamkia barabarani kwa adabu ya woga, maana wengi wao yeye ndiye aliyewapiga kofi la kwanza ili walie. Siku mdogo wake alipovishwa cheo cha brigedia, mbele ya mawaziri na mabalozi, dada alimvuta kando akampangusa mdomo kwa ncha ya mtandio. "Wewe mtoto," alimwambia, "mpaka leo hujui kula keki."

Dada alikuwa na mwana mmoja tu, aliyefiwa na baba mapema. Kijana huyo alianza kusema kabla ya kutambaa, na tangu hapo hakunyamaza. Kikosini walimpa jina la Chiriku.

Alipomaliza shule na kutangaza kwamba anataka kurusha ndege kama mjomba wake, dada alipanda mpaka ofisini kwa mkuu wa kambi, akaketi bila kukaribishwa.

"Leo sikuja kwa mdogo wangu. Nimekuja kwa mkuu wa kambi."

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Ukinijibu hivyo nitakuzaba kibao." Taratibu alicheka. Dada hakucheka. "Jeshi lina kazi nyingi. Kuna wapishi, kuna madaktari, kuna wapiga tarumbeta. Mtafutie ya ardhini. Sina mwingine."

"Dada, nikimkatalia mimi ataomba kwingine. Hapa angalau nitamwona kwa macho yangu."

"Utamwona," alisema dada, akisimama. "Hujaniambia kama utamshika."

Chiriku akaingia jeshini. Taratibu hakumpendelea; kama alikosea, alikosea kwa kumbana kuliko wenzake. Nyumbani alikuwa Mjomba, kambini alikuwa Afande, na siku moja kijana alipoteleza ulimi akasema "Mjomba" mbele ya gwaride, alizungushwa uwanja mzima wa ndege na bunduki juu ya kichwa. Alimaliza kukimbia, akapiga saluti, akasema, "Asante, Afande. Mama anakusalimia." Gwaride likafa kwa kicheko, na mkuu wa kambi akageuza uso ili asionekane. Kijana alikuwa na mkono mwepesi na jicho kali. Taratibu hakuwahi kumwambia, lakini aliwaambia wengine, kwamba yule atakuwa rubani bora kuliko yeye.

Sasa, ndege ya kivita haina mlango wa kukimbilia. Ina kiti. Chini ya kiti kuna baruti, na katikati ya magoti ya rubani kuna mpini wa manjano. Mambo yakiharibika unauvuta: kioo cha juu kinang'oka, baruti inalipuka, unarushwa nje pamoja na kiti chako kama kizibo cha chupa, kisha mwavuli unakushusha. Baruti hiyo ina umri, kama dawa za hospitali, na za kambi ile zilikuwa zimepita tarehe. Mpya zilikuwa zimeagizwa. Zilikuwa njiani, na zilikuwa njiani muda mrefu. Makao makuu yakatoa amri kwamba zilizopo ziendelee kutumika mpaka mpya zifike. Taratibu alipinga kikaoni, akapinga tena kwa simu. Akajibiwa kwamba adui hangoji baruti. Akatii kama askari anavyotii, na akaendelea kukalia kiti cha namna ileile alichowakalisha vijana wake.

Asubuhi ya siku yenyewe mbingu ilikuwa safi kabisa. Waliruka wawili, Taratibu mbele na Chiriku nyuma kidogo upande wa kulia. Lilikuwa zoezi la kuruka chini, kufuata bonde lililo nyuma ya vilima, mahali ambapo mnara wa kambi hauoni wala hausikii. Redio ilikuwa yao wawili.

"Afande, ng'ombe wa huku wanatuangalia vibaya."

"Angalia ndege yako."

"Naangalia, Afande. Lakini mmoja amenikonyeza."

Taratibu alitabasamu ndani ya barakoa ya hewa, ambamo hakuna wa kumwona. Walimaliza kona ya mto. Ndipo aliposikia kijana akivuta pumzi.

"Afande, injini imepiga kishindo. Imekata." Mzaha wote ulikuwa umefutika.

"Panda. Tumia mwendo ulio nao, panda. Taratibu."

Ndege ya kijana iliinua pua, ikapanda huku ikiishiwa nguvu, kama jiwe lililorushwa juu.

"Washa tena."

"Nimejaribu. Haishiki."

"Jaribu tena."

"Haishiki, Afande."

"Basi toka. Toka sasa, urefu unakutosha."

Taratibu alikuwa amejisogeza ubavuni mwake, karibu kiasi cha kuona kofia nyeupe ya kijana. Aliona kioo cha juu kikiruka na kupeperuka nyuma. Akangoja moto wa baruti. Haukuja. Kofia nyeupe ilikuwa palepale.

"Nimevuta," ilisema sauti, upepo ukinguruma nyuma yake. Kisha, "Nimevuta tena. Mjomba, hakitoki."

Hewani hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Ndege ilikuwa chini mno sasa kwa kufungua mikanda na kujirusha kwa mkono. Taratibu alitupa macho mbele. "Kulia kwako, ng'ambo ya mabati yale, kuna shamba tambarare. Lifuate. Shusha pua kidogo, mwendo usife. Niko hapa."

"Naliona."

"Niko hapa. Taratibu."

Mabati yale yalikuwa shule. Ndege ilipita juu yake bila injini, ikifyeka hewa tu, na watoto waliokuwa uwanjani waliinua nyuso. Ililifikia shamba. Iligusa, ikaburuzika vizuri, na karibu ifanikiwe. Kisha bawa likakwama kwenye tuta la mfereji.

Taratibu alipanda juu ya vilima ili mnara umsikie, akaita msaada, akarudi kuzunguka juu ya moshi. Alizunguka mpaka mafuta yakamlazimisha kuondoka. Alitua vizuri, bila hata kudunda, na mafundi waliokuja kumsaidia kushuka walimkuta ameushika usukani na vidole havifunguki.

Jeshi lina watu wake wa kupeleka habari za msiba. Taratibu aliwakatalia. Alikwenda mwenyewe zahanati, na ovaroli yake inayonuka mafuta, akaambiwa dada yuko chumba cha kujifungulia, kuna mama ameshikwa uchungu vibaya, asubiri. Akasubiri. Alikaa kwenye benchi la mbao baina ya wajawazito, kofia yake magotini, akisikiliza ng'ambo ya pazia sauti ya dada yake ikisema sukuma, mama, sukuma, umefika. Wanawake walimtazama wakadhani ni baba mtoto mwenye hofu. Mmoja alimpa pole. Kisha kichanga kikalia, na benchi zima likashusha pumzi.

Dada alitoka akifuta mikono. Aliiona ovaroli, akauona uso.

"Niambie neno moja," alisema. "Kavunjika au amekufa?"

"Amekufa, dada."

Alirudi ndani. Taratibu akainuka kumfuata, akidhani ameanguka, lakini muuguzi alimzuia penye pazia. Dada alikuwa amerudi kumalizia kazi. Kondo la nyuma lilikuwa bado, na mzazi yule hakuwa na mkunga mwingine. Alimaliza, akamfunika mtoto, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Ndipo akatoka, akakaa benchini kando ya mdogo wake, na sauti iliyomtoka ilifanya kila mwanamke aliyekuwa pale ashike tumbo lake.

Baadaye sana, alipoweza kusema, aliuliza, "Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ulisema utamwona," alisema dada.

Habari zilikwisha kumtangulia maiti. Watu wa shule ile walikuwa wameiona ndege ikija, wakaiona ikiyaruka mabati yao na kuanguka shambani, na kila mmoja alikuwa na mtoto darasani. Wakasema walichoamini: rubani aliwaona watoto, akakataa kujiokoa, akaigeuza ndege ili afe peke yake. Redio ikalichukua, magazeti yakalipamba. Siku ya mazishi waziri wa ulinzi alisimama mbele ya jeneza lililofunikwa bendera, akavua miwani. "Angeweza kuruka," alisema. "Mwavuli wake ulikuwa mgongoni. Alichagua watoto wetu." Umati ulilia kwa sauti. Wazazi wa shule walisema tangu siku hiyo shule itaitwa kwa jina lake. Dada alikaa wima, mikono mapajani, macho makavu. Kila aliyekuja kumshika mkono alimwambia, mama, umezaa shujaa, naye akamjibu kila mmoja, asante.

Taratibu alikuwa nyuma ya kiti chake, ndani ya magwanda ya sherehe, medali kifuani, na kaa la moto moyoni. Katika umati ule, yeye peke yake ndiye aliyejua.

Mkuu wa Jeshi la Anga alimwita makao makuu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Walisoma pamoja chuo cha urubani, walipigana pamoja mpakani, na siku Taratibu aliporudi na ndege inayovuja, yeye ndiye aliyeruka ubavuni mwake mpaka nyumbani. Alifunga mlango, akamkalisha.

"Bodi ya uchunguzi itakuita Ijumaa," alisema. "Na mimi nastaafu, unajua. Jina lililo mezani kwa wakubwa ni moja. Ni lako. Sioni kitakacholiondoa."

"Mafundi wamekuta mpini umevutwa, Afande."

"Mpini unaweza kuvutika ndege ikigonga."

"Alivuta mara mbili. Aliniambia."

Mkuu wake aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. "Nani mwingine alisikia?"

"Hakuna. Tulikuwa nyuma ya vilima."

"Umemwambia mama yake?"

"Bado."

"Basi mwache." Aliketi ukingoni mwa meza, karibu, na sauti yake ikawa ya rafiki. "Yule mama ana kitu cha kushika. Nimemwona pale makaburini. Kila akiamka, anaamka mama wa shujaa. Ukimnyang'anya hicho utambakishia nini? Kifaa kibovu? Umwambie mwanao amekufa kwa sababu sanduku limechelewa bandarini? Hiyo ndiyo zawadi ya mjomba?"

Maneno yale yalimkata maini, maana ndiyo aliyokuwa akijiambia mwenyewe. "Na hawa vijana wengine?" aliuliza. "Ratiba inasema wanaruka tena Jumatatu."

"Baruti mpya zinakuja. Sote tumevikalia viti vile. Mimi, wewe."

"Tulivikalia, Afande," alisema Taratibu. "Hatukuvivuta."

Nyumbani alimweleza mkewe yote, kuanzia ng'ombe mpaka mfereji. Mkewe hakuuliza habari za cheo. Waliishi pamoja muda mrefu, alijua kwamba mumewe hakuogopa kumwaga unga. Alichoogopa ni uso wa dada yake.

"Unaogopa kumwambia, au unaogopa asikie?" aliuliza mkewe.

"Ni kitu kimoja."

"Hapana. La kwanza ni lako, la pili ni lake. Hujamuuliza kama analitaka." Alimpa funguo za gari. "Nenda kungali mchana, na usikae kule ukimumunya maneno."

Alimkuta dada uani, ametandaza godoro la kijana juani. Mashuka yalikuwa kwenye kamba. Dada alimletea kiti, akaendelea kupigapiga godoro kwa kiganja, vumbi likipaa.

"Dada, acha kidogo."

"Sema. Mikono haisikilizi."

"Hakuichagua ile shule." Alisikia sauti yake mwenyewe kama ya mtu mwingine. "Mimi ndiye niliyemwelekeza kulia. Lile shamba lilikuwa mahali pekee palipokuwa tambarare. Alikuwa anatafuta pa kutua."

Mkono wa dada ulisimama juu ya godoro. "Waziri alisema angeweza kuruka."

"Nilimwambia atoke. Alivuta. Kioo kilifunguka, kiti hakikutoka. Akavuta tena."

"Alivuta?"

"Mara mbili, dada. Nilikuwa ubavuni mwake. Baruti ya kiti ilikuwa imepita tarehe."

Dada alikaa juu ya godoro la mwanawe, polepole, kama mtu anayeshuka majini. Taratibu alijiandaa kwa lolote, kilio, matusi, kufukuzwa. Dada alikuwa akimtazama, na alipoanza kusema alisema kwa sauti ndogo, ya yule msichana wa zamani.

"Unajua nimekuwa nikifanya nini tangu tumzike? Naitikia asante, asante, shujaa, shujaa, na moyoni namuuliza mwanangu: baba, watoto wa watu uliwaona, mama yako hukumwona? Hukunikumbuka hata kidogo? Asubuhi wale wanafunzi wakipita na sare zao nageuza uso. Mimi, mkunga. Nawaonea wivu watoto wasio na kosa." Alishika kona ya godoro kwa mikono yote miwili. "Nilidhani alikuwa na njia ya kuja kwangu akaikataa. Kumbe alitaka kurudi."

"Alitaka kurudi, dada. Mpaka mwisho alikuwa anarudi."

"Alisema nini?"

"Aliniita Mjomba. Redioni."

Hapo ndipo alipolia, kilio ambacho hakulia makaburini, na Taratibu akashuka kitini akapiga magoti chini na suruali yake ya jeshi, akamshika. Walikaa hivyo mpaka jua likahama upande wa pili wa ua. Kisha dada akajitoa mikononi mwake.

"Ulijua vimepita tarehe?"

"Nilijua. Nilipinga, hawakusikia."

"Halafu?"

"Nikanyamaza. Nikavikalia."

"Ukamkalisha na mwanangu."

"Ndiyo."

Dada alijifuta uso kwa mtandio, kwa nguvu, kama anayemfuta mtu mwingine. "Hilo nitakuwa nalo. Sijui mpaka lini, na usinihimize. Lakini wako watoto wengine pale kambini, na mama zao wanafua mashuka hivi sasa hawana habari. Nenda kaseme. Na usiseme kwa hiyo sauti yako ya kuagiza chai. Sema wasikie."

Hakungoja Ijumaa. Siku ileile, kwa mamlaka yake ya ukuu wa kambi, alitoa amri kwamba hakuna ndege ya kivita itakayonyanyuka mpaka viti vyote vibadilishwe baruti. Mkuu wa Jeshi la Anga alimpigia simu akafoka, kisha akasihi, kisha akakata. Ijumaa Taratibu alisimama mbele ya bodi akaeleza neno kwa neno kilichosemwa nyuma ya vilima. Alipofika kwenye "Mjomba, hakitoki" mwandishi wa bodi aliacha kuandika. Mwenyekiti alimuuliza kama ana hakika, ukizingatia huzuni yake ya kifamilia. "Nina hakika," alijibu, "na nilikuwa na hakika kabla yake, nilipopinga viti hivi hapa hapa makao makuu. Kosa langu ni kwamba nilipinga kisha nikaenda kuruka."

Haikuwa kwamba watu walimshangilia. Magazeti yaliyomsifu mpwa yalisema mjomba anamchafua marehemu. Wazazi wa shule walinuna, maana walikuwa wamempenda kijana yule kwa namna yao na sasa waliona wamenyang'anywa. Hata kambini, baadhi ya marubani walinung'unika: ndege zilifunikwa maturubai msimu mzima, na rubani asiyeruka ni kama mwimbaji aliyezibwa mdomo. Mmoja alimwambia usoni, kwa heshima zote, Afande, sisi tulikubali hatari. Taratibu alimjibu kwamba hatari ni adui na hali ya hewa, na kwamba kiti hakikupaswa kuwa mojawapo.

Bodi iliandika yaliyo kweli, kwa lugha ya kuzungukazunguka. Waliotia sahihi ile amri ya kuendelea na baruti za zamani hawakutajwa. Cheo kikaenda kwa mwingine, mtu mzuri, asiye na makuu, na Taratibu akastaafishwa kwa sababu ya umri ambao wiki chache nyuma haukuwa tatizo. Kwa kawaida, mkuu wa kambi anapoaga, ndege hupita juu kwa safu na kumpigia saluti. Safari hii hazikupita, maana yeye mwenyewe ndiye aliyezizuia. Alikagua gwaride, akapeana mikono na mafundi mmoja mmoja, akaingia kwenye gari la mkewe. Rafiki yake wa vita vya mpakani, yule aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Anga, alikuja, akakaa safu ya nyuma kwa nguo za kiraia. Hawakusemezana, lakini alikuja.

Mwalimu mkuu wa shule alimwendea dada, akiwa amejikunyata, kumuuliza wafanye nini na lile jina. "Waambie watoto alipita juu yenu akitafuta njia ya kwenda nyumbani," alisema dada. "Kama jina mnalitaka kwa hilo, bakini nalo. Kama hamlitaki, sitakasirika." Wakalibakiza. Baada ya hapo, asubuhi, wanafunzi walipopita mbele ya zahanati, dada aliwaitikia salamu.

Na mdogo wake je? Kwa muda mrefu alimpokea kama mgeni. Alimpa kiti, akamuuliza afya ya mkewe, akarudi kwenye shughuli zake. Taratibu hakuhimiza. Alikuja kila Jumamosi, akatengeneza bomba, akapaka rangi dirisha, akaondoka. Siku nyingine walikaa kutwa nzima wakasemezana maneno machache tu, na hayo yalikuwa ya misumari.

Baruti mpya zilifika, ndege zikavuliwa maturubai. Muda ulipita. Kisha asubuhi moja kundi la ndege wa porini likaingia katika injini ya rubani mmoja wakati wa kuruka, karibu kabisa na ardhi, injini ikazimika, akavuta. Alikuwa msichana aliyeingia kikosini baada ya msiba, Taratibu hakuwahi hata kumfundisha. Kiti kilimtoa. Aliangukia kwenye shamba la watu, akavunjika mguu, akaanza kugombana na wenye shamba waliotaka kumbeba kabla machela haijafika.

Jumamosi iliyofuata Taratibu alikuta mgeni uani kwa dada, mama mmoja wa makamo aliyevaa nguo za kutokea, mkoba mapajani. Alikuwa amesafiri kutoka mbali. Alikuwa ameandaa maneno, ilionekana, na yote yalikuwa yamemtoroka. Alikuwa amemshika dada mikono yote miwili, akiikandamiza tu, machozi yakimtiririka. Dada alimwacha alie, kama alivyowaacha wazazi wengi pale benchini kwake. Taratibu alisimama getini, hakujua aingie au aondoke.

"Ameanza kukanyaga?" aliuliza dada hatimaye.

"Kidogo," alisema yule mama. "Analazimisha. Anataka kurudi kuruka."

"Asilazimishe. Mwambie mkunga mmoja amesema mfupa una wakati wake." Dada aliinua uso, akamwona mdogo wake getini. Alimtazama kitambo, jinsi alivyosimama wima, mikono ubavuni, mzee mzima aliyestaafu.

"Usisimame hapo kama mlinzi," alimwambia. "Njoo ukae. Mwenzangu huyu ana binti rubani, na mimi sijui kumweleza mambo ya huko juu. Mweleze wewe. Mweleze na ya mwanangu pia, yote, kuanzia mwanzo. Mimi mwenyewe sijawahi kuyasikia vizuri."

Taratibu aliingia, akaketi baina yao, akaanza na ng'ombe.